Sentimita Tisa za Fundi

Viti vyote vilikuwa na mikono.

Fundi alisimama mlangoni akavihesabu upesi, kama mgeni anayehesabu mbwa uani kabla ya kufungua geti. Vilikuwa kumi na viwili, vyeusi, vimeizunguka meza ndefu, na kila kimoja kimenyoosha mikono yake miwili ya plastiki: mwembamba karibu, mnene tafuta pa kwenda. Aliwajua jamaa hawa maisha yake yote. Ukijisukumiza ndani hukai, unavaa. Na ukisimama, kinasimama nawe.

"Usiingie kwanza, Fundi," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Sista, yule nesi wa utafiti, anakuja mbio koridoni huku akiburuta benchi ya mapokezi. "Tangu juzi nimewaambia waviondoe hivi. Unamwalika mtu kwa barua, halafu unamkaribisha na kiti cha mtoto."

"Benchi hiyo, Sista, nikikaa mwisho huu wewe utarushwa mwisho ule."

"Basi kaa katikati kama mfalme, tuone nani atakuuliza."

Akacheka, naye Fundi akacheka. Kucheka alikuwa hodari. Mtaani walimwita Bonge, na alikuwa amejifunza mapema kwamba ukicheka kabla ya wenzako, kicheko chao kinakukuta umeshaondoka. Alikaa katikati ya benchi. Benchi ikalia kidogo, ikanyamaza. Shingoni ilining'inia tepu yake ya kupimia, ya njano, ya mita tatu. Alikuwa amesahau kuivua alipofunga duka, kama mtu mwingine anavyosahau miwani usoni.

Barua yenyewe ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilitoka kwa Daktari wa kliniki ya uzito, mwenyewe kwa saini yake, ikimwomba Fundi aje kukaa kwenye kamati ya utafiti, si kama mgonjwa bali kama mshirika. Mkewe aliisoma asubuhi kwa sauti, mara mbili, akiwa bado na kijiko mkononi.

"Mwaka mzima wanakupima tu," alisema. "Leo wanataka kukuuliza nini, rangi ya uzi?"

"Wameandika mshirika."

"Nimeona. Sasa mshirika, nyoosha kola hiyo. Na ukifika uwaambie mkeo ndiye anayekupikia, hizo sentimita tisa nusu yake ni zangu."

Sentimita tisa. Mkewe alikuwa amezitangaza sokoni, msibani, na kwa simu kwa dada yake aliyeko mbali. Mtu akimsalimu tu, naye: mume wangu kapungua sentimita tisa kiunoni, usimwone hivi. Na Fundi, ambaye hajawahi katika umri wake wa miaka arobaini na sita kusifiwa kwa ajili ya mwili wake, alikuwa anatembea na zile sentimita kama mtu aliyevaa koti jipya.

Watu wakaingia wakajaa. Aliingia Mwalimu, mama mmoja mstaafu, mgonjwa mwenzake, mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Akaviangalia vile viti, akavipuuza, akaja kuketi benchini ubavuni mwa Fundi. Benchi ikalia tena.

"Tukianguka, mwanangu, tuanguke kwa heshima," alimnong'oneza.

Aliingia kijana wa takwimu, mwenye miwani ya duara na kompyuta kifuani. Wakaingia madaktari wengine na watu wa ofisi. Mwisho aliingia Daktari, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mvi chache mbele ambazo hakujali kuzificha. Alipozungusha macho mezani hakuanza na wakubwa. Alianza na benchi.

"Mwalimu, Fundi, ahsanteni kwa kuja," alisema. "Leo tunafunga ripoti. Mkiona jambo halijakaa sawa, mniambie. Mimi nimesomea miili hii. Nyie mnaishi ndani yake."

Hakuna aliyewahi kuuita mwili wa Fundi mahali pa kuishi.

Taa ikazimwa nusu. Ukutani pakawaka mwanga, na ndani ya mwanga nukta: nyeusi, ndogo, zimetawanyika kama mtama uliomwagika. Kijana wa takwimu akaeleza. Kila nukta ni mtu mmoja, na kadiri kiuno chake kilivyopungua ndivyo inavyokaa chini. Watu arobaini na mmoja, miezi kumi na minne, wakitembea pamoja mara tatu kwa wiki, wakikutana na mshauri wa chakula, wakipimwa kila mwezi. Mizani ya kliniki ilikuwa inagota kwenye kilo mia na hamsini, na wengi wao walishaipita, kwa hiyo wakaamua kufuata kiuno.

"Nukta hii," alisema kijana, na kidoti chekundu cha mwanga kikatua kwenye moja, "ni Fundi wetu aliyeketi pale. Alianza na sentimita mia na sabini na moja. Leo ana mia na sitini na mbili."

Wakapiga makofi. Fundi hakuyasikia. Alikuwa ameduwaa mbele ya ile nukta. Yeye mzima, na dhihaka zote za shule, na basi linaloondoka kabla hajapanda, na usiku wa kuamka akikosa hewa, na mkewe na watoto wake watatu na cherehani yake, yuko pale ukutani, hazidi punje. Na pembeni yake wengine arobaini, kila mmoja na mzigo wake, wote wametulia kimya kwenye mwanga mmoja. Nywele za mikono zikamsimama. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa anapima watu mmoja mmoja, akistaajabu kila mara kwamba hakuna mabega mawili yanayolingana, hata ya mtu mmoja. Bega la kushoto daima lina siri yake. Hakuwahi kuwaona wote kwa pamoja.

Daktari alisimama, na sauti yake ilikuwa na furaha aliyojaribu kuifunga kamba.

"Angalieni hapa. Waliokuwa chini ya sentimita mia na hamsini, hawakubadilika. Waliokuwa juu ya hapo, karibu wote wameshuka, sentimita sita, saba, nane. Miaka yote tumeambiwa wenye miili mikubwa zaidi ndio wagumu zaidi kusaidika. Hawa ndio waliofaidika zaidi. Mpango huu ukienda kliniki nyingine zote…" Hakumaliza. Akatikisa kichwa. "Tunywe chai, turudi tusaini."

Juu ya mia na hamsini, karibu wote. Chini yake, hakuna hata mmoja. Fundi alitoka na neno hilo limemkwama kichwani kama pini iliyosahaulika kwenye pindo. Yeye ni mtu wa vitambaa. Kitu kinapogeuka ghafla mahali pamoja, mahali hapohapo, kwa kila mtu, fundi haulizi watu. Anauliza mshono.

Chumba cha kupimia kilikuwa wazi. Alikuwa ameingia humo mara kumi na nne na hakukijua. Kila mwezi alipoambiwa anyanyue mikono, alikuwa anatazama dari na kuhesabu mbao zake, mpaka aambiwe basi. Fundi wa nguo, mtu wa vipimo, hakuwahi hata mara moja kutazama tepu inayompima yeye. Leo aliitazama. Ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nyeupe, ndefu. Akaishika bila kufikiri, akaipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyopitisha kila tepu. Vidole vya fundi husoma.

Vikafika mahali laini.

Zilikuwa tepu mbili zilizoungwa kwa plasta ya hospitali. Ya kwanza iliishia kwenye mia na hamsini. Ya pili ilianzia sifuri, na namba yake ndiyo inayojumlishwa na mia na hamsini. Na katikati yao, palipotakiwa pasiwe na kitu, palikuwa na plasta tupu, tabaka juu ya tabaka, imevutika, imelegea, haina namba. Akavua tepu yake shingoni akailaza sambamba. Sentimita saba.

Alisimama hapo na tepu mbili mkononi, na hesabu ikajifanya yenyewe. Aliye chini ya mia na hamsini, hafiki kwenye plasta. Namba yake ni ya kweli. Aliyezidi, anapewa plasta bure, na plasta haihesabiwi. Kadiri inavyovutwa mwezi kwa mwezi, ndivyo watu wakubwa wanavyozidi kupungua. Tisa ukitoa saba, mbili. Na mbili zenyewe, akakumbuka, siku ya kwanza ilikuwa msimu wa baridi. Alipimwa akiwa amevaa sweta.

Akaitazama suruali yake. Aliishona mwenyewe wiki ileile ya kwanza, na ilikuwa inambana palepale ilipombana siku alipoivaa. Mwaka mzima amekuwa akiilaumu sabuni. Kitambaa kimesinyaa, alimwambia mkewe. Kitambaa cha polyesta, ambacho hata ukikichemsha na mawe hakisinyai, na yeye ndiye aliyeuza vya namna hiyo kwa robo karne.

"Chai yako haina sukari, kama tulivyokubaliana," alisema Sista akiingia na vikombe viwili. Kisha akaona mikono yake. Vikombe vikashuka polepole juu ya meza.

Fundi akamsogezea tu zile tepu mbili, ya njano na nyeupe, zimelala pamoja, ili aone mwenyewe. Sista aliweka kidole mwanzo wa plasta, akakipeleka mpaka mwisho wake. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Nilipoziunga zilikuwa zimegusana," alisema mwishowe. "Kabisa zimegusana, Fundi. Plasta ikiisha kunata naongeza nyingine juu, ikiisha naongeza. Sikuona inavyokwenda."

"Plasta huvutika. Kwetu tunaiita lastiki."

"Unajua kwa nini niliunga?" Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Siku ya kwanza kabisa alikuja mama mmoja. Tepu ikamzunguka, haikufika. Mwenzangu akasema kwa sauti, haifiki, na mlango uko wazi, na foleni nzima inasikia. Yule mama akavaa shali yake akaondoka. Hakurudi mpaka leo. Jioni ile nikaunga. Nikajiapiza hakuna mtu mwingine atakayeambiwa haifiki mbele yangu."

Fundi akamkumbuka alivyokuwa akimpima, jinsi alivyofunga mlango kwanza, jinsi mikono yake isivyokuwa na haraka. Hospitali zote alizopitia, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemgusa kama anamgusa mtu.

"Wakisikia watanitoa," alisema Sista, si kwa kulalamika. Kama anayesoma saa ukutani. "Lakini wakisaini…"

"Wakisaini itakwenda kila kliniki."

"Nipe mpaka kesho."

"Wanasaini leo, Sista."

Chai ikapoa. Nje, mtu alikuwa anawaita warudi ndani.

Hakuna aliyejua ila wao wawili, na hata huyu mmoja alikuwa anaomba. Fundi aliitembea ile korido fupi, tepu yake imerudi shingoni, kama anapanda mlima. Angenyamaza tu. Kunyamaza si kusema uongo. Angerudi nyumbani na sentimita zake tisa, mkewe angemmwagia maji ya kuoga akiimba, na Sista angebaki na kazi yake, na Daktari na furaha yake. Na watu wangapi, kliniki ngapi, wangeambiwa mpango huu unapunguza, wauanze, watembee, wajinyime, halafu wapimwe kwa tepu nzima? Wangejiona wao ndio wabovu. Wao ndio walioshindwa jambo lililowezekana kwa wenzao. Hilo Fundi alilijua vizuri. Alikuwa ameishi humo tangu utoto: kulaumiwa kwa kipimo kibovu.

Karatasi ilikuwa inazunguka meza. Kila mtu aliweka saini yake. Ikafika kwa Mwalimu, ambaye alisema, "Ngoja nisome kwanza, mimi nimesahihisha karatasi miaka thelathini na nane, sisaini hewa," na watu wakacheka, naye akasoma mpaka mwisho, akampitishia Fundi kalamu bila kusaini bado, maana alikuwa anatafuta miwani yake nyingine.

Fundi akaishika kalamu. Ilikuwa nyepesi kuliko sindano.

"Daktari," alisema, "mimi sijapungua."

Wakacheka tena. Walidhani ni mzaha. Bonge ni mtu wa mizaha. Kijana wa takwimu akatabasamu kwa upole.

"Fundi, namba zako zinasema umepungua tisa."

"Na suruali yangu inasema nina wazimu." Hakucheka yeye, na kwa kuwa hakucheka, kicheko cha wengine kikakosa pa kukaa. "Hii niliishona wiki ya kwanza ya utafiti. Ilinibana hapa. Inanibana hapa leo. Nguo sikuanza kuzijua leo wala jana. Tepu yenu imeungwa kwa plasta, na plasta imevutika sentimita saba. Aliye mdogo haifikii. Aliye mkubwa inampunguza."

Kijana alivua miwani, akaivaa.

"Kosa dogo la kipimo huwa linajisawazisha," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kuondoka bila yeye. "Wengine linawapandisha, wengine linawashusha."

"Nikikata suruali kumi, zote fupi, mwanangu, hazijisawazishi. Ninakuwa na suruali kumi fupi na wateja kumi mlangoni."

"Nani aliiunga?" aliuliza mmoja wa watu wa ofisi.

Fundi akaangalia meza. Kwa hilo hakuja na jibu, na hakukusudia kuwa nalo. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na Sista alisimama hapo na ile tepu nyeupe imelala juu ya viganja vyake viwili, kama mtu aliyebeba kitu kilichokufa.

"Mimi," alisema. Akaja akailaza mezani mbele ya Daktari. Akarudi nyuma hatua moja.

Daktari aliinama. Alipitisha kidole juu ya plasta, taratibu, kama alivyofanya Sista, kama alivyofanya Fundi. Na kwa muda ule mrefu, watu wazima zaidi ya kumi, wenye vyeti na mihuri, walisubiri kidole kimoja kifike mwisho. Kilipofika, Daktari alinyanyua kichwa.

"Miezi kumi na minne ninaingia kile chumba kila siku," alisema. "Sijawahi kuigusa." Akamgeukia mtu wa ofisi. "Umeuliza nani aliiunga. Uliza nani aliombwa tepu ndefu. Barua tatu aliniandikia, tangu siku mama mmoja alipoambiwa mbele ya foleni kwamba haifiki. Ziko mezani kwangu chini ya karatasi nyingine. Niliziweka hapo kwa mkono wangu." Kisha kwa kijana: "Ongeza saba. Kwa wote waliovuka mia na hamsini."

"Daktari, kwa hesabu kamili tutahitaji kujua ilivutika kiasi gani kila mwezi…"

"Najua. Ongeza saba kwa mwezi wa mwisho, tuone."

Vidole vya kijana vikagonga kompyuta. Na ukutani, zile nukta zikaanza kupanda. Moja, tatu, tano, zikinyanyuka kutoka chini kimyakimya kama mapovu ndani ya maji, kila moja ikirudi karibu na ilikotoka. Hakuna aliyepumua. Fundi aliitafuta yake. Ilikuwa inapanda pamoja na nyingine, haina haraka, haina aibu, na ikasimama. Alikuwa amejiandaa kuumia. Badala yake kikamshika kitu asichokijua jina, kitu kinachofanana na kuingia mahali pa ibada na kukuta hakuna mtu. Neno lake, lake yeye, limesogeza watu ishirini na sita ukutani. Hakuwahi kusogeza chochote kikubwa kuliko cherehani.

"Kwa hiyo," alisema Daktari, na sasa alionekana amechoka, na umri wake wote ukamjia usoni, "mpango haukusaidia kitu."

"Nani kasema?"

Alikuwa Mwalimu. Miwani alikuwa ameipata.

"Mimi hapa," alisema, "siku ninaanza, mjukuu wangu ndiye alikuwa ananifunga kamba za viatu. Mwanamke niliyefundisha mkoa mzima kusoma, ninanyoosha mguu kama mtoto nifungwe kiatu. Leo nimefunga mwenyewe. Hivi hapa." Akanyoosha mguu mezani karibu uguse karatasi; viatu vyeusi, kamba zimefungwa kwa fundo kubwa lisilo na adabu. "Kiuno changu sijui kimekwenda wapi, na wala sikukituma. Lakini hiki kiatu. Mmekipima wapi?"

Daktari akamtazama kijana wa takwimu. Kijana akafungua jedwali, akatelezesha macho safu kwa safu, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa lile jedwali refu.

"Hatuna mahali pa hilo," alisema.

"Hamkuuliza," alisema Mwalimu.

"Hatukuuliza," alisema Daktari.

Fundi akajisikia anazungumza. "Mimi nilikuwa nikipiga pedali saa moja napumzika saa moja. Sasa napiga asubuhi yote. Na usiku mke wangu hanitikisi tena kuangalia kama nipo hai." Akasita. "Nilidhani hayo ni mambo ya nyumbani."

Daktari alivuta karatasi ile iliyosainiwa, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa kama za mwanafunzi: *kufunga viatu*. Chini yake: *pedali*. Chini yake: *kulala*. Aliandika polepole, na watu wote waliangalia kalamu ile kana kwamba ndiyo kwanza kalamu inavumbuliwa.

"Ripoti hii haitoki," alisema. "Tutaanza upya, na tutaanza na maswali, na maswali hayo sitayaandika mimi peke yangu. Sista anabaki palepale alipo. Namtaka mtu aliyeunga tepu kuliko mtu aliyesema haifiki." Akaweka kalamu chini. "Lakini vipimo bado tutahitaji. Fundi, wewe dukani kwako unapimaje?"

Fundi akatazama kulia na kushoto, kama kuna fundi mwingine.

"Kwanza nafunga pazia," alisema. "Namba sisemi kwa sauti. Naandika kwa chaki kwenye kitambaa chake. Na mwanzo wa tepu anashika mteja."

"Kwa nini mteja?"

"Kwanza kwa sababu mikono yangu hainizunguki mimi mwenyewe, sembuse kumzunguka mtu mwingine. Nikimkumbatia mke wa mtu kila siku nitakuja kupigwa." Wakacheka, na safari hii naye alikuwa anacheka pamoja nao, si mbele yao. "Halafu nikaona mtu akishika mwanzo mwenyewe hatetemeki. Anauweka anapopajua. Mimi nazunguka tu na kilichobaki."

"Tuonyeshe," alisema Daktari.

Akasimama. Benchi ikashukuru. Sista alikuwa bado amesimama palepale, macho yameiva, na Fundi akavua ile tepu ya njano shingoni, mita tatu kamili, akampa.

"Nipime, Sista."

"Hapa? Mbele yao?"

"Nimeshakuwa ukutani mbele yao."

Fundi akachukua mwanzo wa tepu kwa vidole viwili, akauweka juu ya kitovu chake, akaushikilia. Sista akaanza kuzunguka. Alikwenda taratibu, akiilaza tepu juu ya shati, akiinyoosha pale inapojikunja. Na chumba kizima kilimsindikiza kwa macho, mwendo ule mrefu wa kumzunguka mtu mmoja, kama watu wanaotazama mwezi ukiliacha wingu. Alipita ubavuni. Akapotea nyuma. Daktari akaja akapiga magoti sakafuni, bila kuombwa, kuangalia kama tepu imekaa sawa upande usioonekana, na magoti yake yaligonga vigae kwa sauti kavu. Kijana wa takwimu alikuwa amesimama. Sista akatokea upande wa pili na ncha ikakutana na vidole vya Fundi.

"Sasa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sasa unaniambia nitoe pumzi."

"Toa pumzi, Fundi."

Ndipo alipotambua kwamba katika miezi kumi na minne, mara zote kumi na nne, hakuwahi kuitoa. Alikuwa amejibana kila mara, tumbo ndani, kifua juu, mpaka aambiwe basi. Akafumba macho. Akaiachia. Ilitoka ndefu, ya chini, haikuwa na mwisho; na huku na huku mezani, Mwalimu kwenye benchi, Daktari kwenye magoti yake, kijana, watu wa ofisi na saini zao, wote bila kuambiwa wakatoa zao.

Tepu ikatulia mahali pake. Sista akainama kusoma.